Chai ya Kiriaini na Vijiko Vyetu vya Sukari



Aghalabu safu hii huzungumza na nyumba za mwambao, na mifano yake huiokota papa hapa, baina ya Lamu na Vanga. Juma hili tunaomba ruhusa ya kupanda bara, hadi mji mdogo wa soko uitwao Kiriaini. Mji huo umo Mathioya, kaunti ya Murang'a, kwenye barabara inayopinda baina ya vilima kuelekea Othaya na Nyeri, chini ya safu ya milima ya Nyandarua. Yamkini msomaji wa Kibokoni au Malindi atauliza: Kiriaini ina nini nasi? Jawabu limo katika kikombe alichokinywa asubuhi ya leo.

Miteremko inayouzunguka mji huo imefunikwa na michai. Viwanda vya Kiru na Gatunguru vimo katika nchi hiyo hiyo, navyo hupokea majani mabichi kutoka kwa wakulima wadogo wadogo, wengi wao wakiwa na kishamba cha ekari moja au chini yake. Mchumaji huanza kazi umande ungali haujakauka, akachuma majani mawili na kichipukizi chake, akayatupia kapuni mgongoni, kisha akapanda na kushuka kilima hadi kituo cha kupimia. Kiwandani majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, kisha hukaushwa. Baada ya hapo mengi yao huteremka hadi kwetu Mombasa, ambako mnada wa chai unaendeshwa tangu mwaka 1969, baada ya kuanzia Nairobi mwaka 1956.

Katika safari yote hiyo, tangu kwenye mchai hadi mnadani, hakuna mtu aliyetia hata chembe moja ya sukari. Chai kavu, ikikorogwa kwa maji peke yake, haina takriban nguvu yoyote ya kumnenepesha mtu. Mkulima wa Kiriaini ametuletea jani lililo safi. Kilichoingia kikombeni baadaye kimetiwa na mkono uliokuwa nyumbani mwetu, nao ni mkono unaojulikana.

Tufanye hesabu, kwani hesabu haina chuki wala upendeleo. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kikiwa sawasawa bila mlima, kina gramu nne hivi. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, cha asubuhi, cha saa nne na cha baada ya alasiri, akatia vijiko vitatu kila kikombe, amekula vijiko tisa, yaani gramu 36. Kwa mwaka hizo ni zaidi ya kilo 13 za sukari zilizopitia kikombe cha chai tu. Hatujahesabu mahamri, wala kaimati, wala soda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ambayo mtu huipata kutokana na chakula chake chote, na kwamba ni bora zaidi ishuke hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima, sawa na vijiko sita. Basi mnywaji wetu ameshavuka mpaka huo kwa chai pekee. Akiongeza soda moja ya chupa ya mililita 300, ameongeza vijiko vinane vingine katika muda wa dakika tano.

Turudi milimani, kwa maana habari ya watu wa huko ina ibra kwetu. Nchi ya Murang'a na Nyeri si nchi ya njaa. Udongo wake mwekundu hutoa mahindi, maharagwe, njahi, nduma, viazi vitamu, ndizi, maparachichi, sukuma wiki na maboga. Ng'ombe wa maziwa wamo mabandani, na mito itokayo Nyandarua haikauki upesi. Chakula cha asili cha wenyeji, githeri, ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Wataalamu wa lishe wanakisifu kwa sababu ya wazi: upungufu wa protini ya mahindi hutimizwa na maharagwe, na upungufu wa maharagwe hutimizwa na mahindi. Nduma na viazi vitamu vya kuchemsha, navyo, vina nyuzinyuzi zinazoifanya sukari iingie damuni polepole.

Na watu wa nchi hiyo walipata kuchunguzwa zamani. Mwaka 1931 wataalamu wawili, John Boyd Orr na John Gilks, walichapisha uchunguzi wao juu ya siha ya Wakikuyu na Wamasai. Wamasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu waliishi kwa nafaka, viazi na kunde. Ilionekana kwamba wanaume wa Kimasai walikuwa warefu kuwashinda wenzao kwa inchi tano hivi, na wazito kuwashinda kwa ratili 23, yaani zaidi ya kilo kumi. Hofu ya wataalamu wa zama hizo, basi, ilikuwa wembamba na upungufu wa lishe. Lau mtu angaliwaambia kwamba utafika wakati ambapo wajukuu wa watu hao watasumbuliwa na unene, pengine wangalicheka.

Miaka miwili kabla ya uchunguzi huo, mwaka 1929, daktari mmoja aitwaye Donnison, aliyekuwa akitibu katika nchi iliyoitwa Kavirondo Kusini, huko magharibi ya Kenya, aliandika jambo linalostaajabisha leo. Kwa muda wa takriban miaka miwili hakukutana na mgonjwa hata mmoja wa shinikizo la damu miongoni mwa wenyeji. Tena aliona kwamba hata wale waliopita miaka arobaini shinikizo lao halikupanda kama lilivyopanda kwa Wazungu wa umri huo.

Sasa tutazame hali ya leo. Uchunguzi wa idadi ya watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliopindukia kiasi. Nairobi na eneo la Kati, ambamo zimo Murang'a na Nyeri, ndizo zilizoongoza, na huko idadi ilikaribia nusu. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine wa Wizara ya Afya juu ya maradhi yasiyoambukiza ulieleza kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu lililopanda. Ulieleza pia kwamba zaidi ya nusu ya watu hawajapata kupimwa shinikizo hilo maishani mwao, na kwamba watu 88 katika kila mia hawajapata kupimwa sukari. Na ni watu sita tu katika mia waliokuwa wakila matunda na mboga kwa kiasi kinachopendekezwa. Fikiri, ndugu yangu: katika nchi yenye maembe, mapapai, mchicha na sukuma wiki, watu sita katika mia!

Ni nini kilichogeuka? Udongo wa Kiriaini haukugeuka, wala mvua ya Nyandarua haikukoma. Kilichogeuka ni njia ya chakula baina ya shamba na kinywa. Mkulima hupeleka sokoni ndizi, maparachichi na mayai, akauza, kisha akarejea nyumbani na mkate mweupe, siagi ya kopo, sukari na mafuta ya kukaangia. Nduma iliyokuwa staftahi ya kila siku imekuwa chakula cha wageni, na mahali pake pameshikwa na mandazi. Kiazi kilichokuwa kikichemshwa sasa hutumbukizwa katika mafuta yanayochemka kikawa chipsi. Kumbuka kwamba gramu moja ya mafuta ina nguvu ya kalori tisa, ilhali gramu moja ya wanga ina nne tu. Kwa hivyo kiazi kile kile, kikitoka katika karai, hakiwi tena kiazi kile kile. Na kilima kilichokuwa kikipandwa kwa miguu sasa hupandwa kwa bodaboda.

Wala usidhani ni maneno ya kukisia tu kwamba mwili hubadilika upesi mtu abadilishapo maisha. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini kwao kwenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Wale waliohama walikula chumvi zaidi, walipata potasiamu kidogo zaidi, ambayo hutoka katika mboga na matunda, na uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi. Na shinikizo lao la damu lilipanda mapema tu baada ya kuhamia mjini. Watu walikuwa wa damu moja na ukoo mmoja. Kilichotofautiana ni sahani na mwendo wa maisha.

Msomaji wa mwambao asije akatabasamu akidhani tunawasema watu wa bara. Sisi nasi tunalo la kujibu. Chamshakinywa yetu ni mahamri yaliyokaangwa kwa mafuta na mbaazi za nazi. Saa nne ni viazi karai au bajia. Adhuhuri ni wali wa nazi. Jioni ni mkate wa sinia, vitumbua na chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Arusini ni biriani juu ya pilau, kisha halwa, kisha soda ya kuteremshia. Hakuna hata kimoja katika vyakula hivi kilicho haramu, na baadhi yao ni fahari ya mapishi yetu tuliyoyarithi kwa mabibi zetu. Lakini mabibi zetu walikula halwa siku ya Idi na ya arusi. Sisi tumeifanya kila Ijumaa kuwa Idi, na kila jioni kuwa arusi.

Kuna nyudhuru tatu ambazo watu hupenda kujikinga nazo, na ni haki tuzipime moja moja.

Udhuru wa kwanza ni kudra. Mtu akiambiwa apunguze sukari hujibu kwamba maradhi huletwa na Mwenyezi Mungu na ajali imeshaandikwa. Maneno hayo ni kweli, lakini yametiwa mahali pasipo pake. Mtu huyo huyo hufunga mlango wake usiku, huangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara, na ngamia wake, lau angekuwa naye, angemfunga kamba kwanza ndipo atawakali. Mbona kudra humjia mdomoni wakati wa kijiko cha nne tu? Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imetukataza tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizi. Na mkono unaotajwa hapo ni wetu.

Udhuru wa pili ni urithi. "Kwetu sote tuna kisukari, mama alikuwa nacho, na bibi pia." Ni kweli kwamba zipo nyumba ambazo maradhi haya huzifuata, na mwenye jamaa wagonjwa yuko katika hatari zaidi kuliko mwenziwe. Lakini urithi huo ni sababu ya kuzidisha tahadhari. Mtu anayejua kwamba paa la nyumba yake ni la makuti huwa mwangalifu zaidi na moto. Huko Marekani ulifanywa uchunguzi mkubwa, uliochapishwa mwaka 2002, juu ya watu zaidi ya elfu tatu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda ingawa hawajafikia kuwa wagonjwa. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi, kupunguza uzito kwa takriban sehemu saba katika mia, na kutembea au kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa juma. Kundi jingine lilipewa dawa ya metformin. Baada ya miaka mitatu hivi, dawa ilikuwa imepunguza wanaoingia katika kisukari kwa asilimia 31. Chakula na mwendo vilikuwa vimewapunguza kwa asilimia 58. Na wengi miongoni mwao walikuwa na wazazi au ndugu wenye maradhi hayo.

Udhuru wa tatu ni ufukara, na huu hatuupuuzi. Yuko mama anayetoka nyumbani alfajiri na kurejea usiku, na kitu cha upesi na cha bei nafuu njiani ni mandazi na chipsi. Yuko mtoto ambaye tangazo la soda limebandikwa mkabala na lango la shule yake. Serikali, wafanyabiashara na mabaraza ya miji wana sehemu yao ya dhima, nao wataulizwa. Hata hivyo, tutazame bila ya kujidanganya. Githeri ya Kiriaini ni chakula cha mtu wa kipato kidogo. Mchicha, kunde, maharagwe, muhogo wa kuchemsha na dagaa si vyakula vya matajiri. Soda hununuliwa, na maji yamo mtungini. Sukari hununuliwa, na kuiacha hakuhitaji fedha yoyote. Mengi katika yanayotudhuru tumeyalipia kwa jasho letu.

Ndugu msomaji, dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Mola wetu ametuamrisha kula na kunywa, kisha papo hapo akatukataza israfu, akatujulisha kwamba hawapendi wenye kupindukia. Ruhusa na mpaka vimewekwa katika aya moja, wala hakuna aliyepewa ruhusa ya kuchukua nusu yake. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Ma'dikarib, radhi za Allah ziwe juu yake, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba hakuna chombo kiovu akijazacho mwanadamu kuliko tumbo. Kwamba matonge machache ya kumsimamisha mgongo yanamtosha. Na kama hana budi kuzidisha, basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Sisi tumeijua hadithi hii tangu chuoni, tumeisikia mimbarini mara nyingi, na tumeinukia kutoka katika darsa yake kwenda kuijaza thuluthi ya pumzi kwa sambusa.

Yapo pia mafundisho yaliyotokana na kisa cha Salman na Abu Dardaa, ambayo Bukhari ameyapokea, kwamba mwili una haki juu ya mwenye nao. Neno haki lina uzito. Mwenye haki hudai. Mwili hauna ulimi wa kudaia, kwa hivyo hudai kwa njia nyingine: kwa kiu isiyokatika, kwa macho yanayofifia, kwa miguu inayokufa ganzi. Sukari ikikaa juu damuni miaka mingi, huharibu mishipa midogo ya macho na ya figo, na mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu hukanyaga msumari asihisi, kidonda kikaoza asijue, na mwisho wake ni msumeno wa daktari. Na shinikizo la damu huenda mbali bila ya kuuma popote, hadi siku ya kiharusi. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya vitanda vya hospitali nchini hulaliwa na wenye maradhi haya yasiyoambukiza.

Mtu huyo aliyekatwa mguu hakai peke yake. Yuko mke anayembeba kwenda msalani, yuko binti aliyekatiza masomo ili amtunze, iko shamba au dhahabu iliyouzwa kulipia usafishaji wa figo. Kwa hivyo anayesema "tumbo ni langu" amesema nusu ya kweli. Tumbo ni lake, lakini maradhi yake ni ya nyumba nzima. Hii ndiyo sababu tunauita mwili amana: Mwenyewe ametukabidhi, na watu wengine wanautegemea.

Jambo la pili la nyumba ni mshika upawa. Katika nyumba zetu nyingi mama ndiye anayepika na kupakua, na mapenzi hupimwa kwa ukubwa wa sahani. Mtoto akishiba huambiwa, "Maliza mwanangu, usimkasirishe mamako." Mume akiomba wali kidogo hushukiwa kwamba amekula kwingine. Mgeni akikataa pakuo la tatu huonekana ana kiburi. Mama zetu na dada zetu, tunakusihini mtusaidie hapa. Mtoto anayelazimishwa kula baada ya kushiba anafundishwa asiisikilize alama ambayo Mola amemtilia ndani ya mwili wake. Na kina baba nao wasiwatwishe wanawake mzigo wote: mwenye kununua mfuko wa sukari wa kilo mbili kila juma na kreti ya soda kila Ijumaa ana fungu lake kamili katika jambo hili. Akitaka nyumba ipungue, na aanze kwa orodha ya dukani.

Tuna jambo moja la kuonya kabla hatujafika kwenye la kutenda. Maneno haya yasigeuzwe kuwa fimbo ya kuwachapia watu wanene. Wapo wenye uzito mkubwa kwa sababu ya maradhi au dawa, na wapo wembamba ambao sukari yao iko juu kuliko yetu sote. Suratul Hujurat imewakataza watu kuwacheka watu wengine, na mzaha wa arusini juu ya mwili wa dada wa watu ni dhambi hata ukichekwa na ukumbi mzima. Kila mmoja na aitazame sahani yake, si kiuno cha jirani.

La kutenda ni dogo, wala halihitaji zana. Juma hili toa nusu kijiko cha sukari katika kila kikombe chako. Juma lijalo toa nusu nyingine. Ulimi huzoea katika muda wa majuma machache, na utashangaa kuona kwamba chai ya Kiriaini ina ladha yake yenyewe, ambayo ulikuwa hujaionja kwa sababu ya sukari. Nusu ya sahani yako iwe mboga na kachumbari, robo iwe wali, ugali au muhogo, na robo iwe samaki, maharagwe au nyama. Vya kukaanga viwe vya siku maalumu, si vya kila asubuhi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya madukani. Nenda msikitini kwa miguu ikiwa njia inakuruhusu, kwani kila hatua ina ujira, na dakika thelathini za mwendo kwa siku tano zinatimiza zile 150 tulizozitaja. Saumu ya Jumatatu na Alkhamisi ni sunna yenye manufaa, mradi futari isiwe kisasi cha mchana. Na mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, asifunge wala asiache dawa kabla ya kushauriana na daktari wake.

La mwisho, na ndilo rahisi kuliko yote: nenda kapimwe. Kupima shinikizo la damu huchukua dakika chache, na kupima sukari hutaka tone moja la damu. Mtu hutazama mafuta ya gari lake kabla ya safari ya Lamu. Basi naye na aitazame damu yake, maana safari yake ni ndefu kuliko hiyo.

Wachumaji wa Kiriaini wataamka alfajiri ya kesho, watachuma majani mawili na kichipukizi chake, na jani litateremka hadi kwetu likiwa safi kama lilivyotoka mchaini. Kazi yao imekwisha hapo. Iliyobaki ni kazi yetu, nayo hufanywa mara tatu kwa siku, mezani, kwa kijiko cha chai.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kula kwa kiasi na kushukuru kwa wingi, awaponye wagonjwa wetu, na atupe siha ya kumwabudu nayo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.